Waraka kwa Wana-Songwe Walioko Mabwenini

Ndugu zangu wapendwa, kaka na dada mliotoka Tunduma na Vwawa, Mlowo na Mkwajuni, Ileje na Momba, mnaosoma katika vyuo vya Mbeya na mbali zaidi, nilitamani waraka huu wa kufunga mwaka wa masomo uwe wa kupongezana tu, maana wapo kati yenu waliofanya vizuri darasani na habari zao zimetufikia. Lakini mlezi wa umoja wa wanafunzi anayeona jambo linaharibika akanyamaza, hana sababu ya kuitwa mlezi. Jambo lenyewe ni namna tunavyovitunza vyumba tunavyopewa mabwenini.

Hivi karibuni uongozi wa bweni la chuo kimoja uliniita nikatazame chumba walichohama wenzetu. Godoro la chini lilikuwa na alama ya pasi, limeungua mpaka sponji. Soketi ya karibu na mlango ilikuwa nyeusi. Picha zilizogandishwa ukutani kwa dawa ya meno zilikuwa zimebanduliwa na kuondoka na rangi. Chaga tatu hazikuwepo kitandani. Zilikuwa zimegeuzwa rafu ya viatu, na rafu yenyewe imevunjika. Juu ya kitanda cha deka, kwa maka peni nyeusi, mtu ameandika MWAKAKATI, jina la mahali petu Tunduma, kwa herufi za kutosha kusomeka kutoka mlangoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza waliokaa mle wametoka wapi. Naamini aliyeandika alikuwa anakumbuka nyumbani, wala simlaumu kwa kupakumbuka. Kinachoniuma ni kwamba jina la kwetu limebaki pale kama sahihi ya uharibifu ule wote.

Tafakarini nami kidogo. Sisi ni watu wa mpakani. Wengi wenu mmekulia katika mji unaolaza wageni kila usiku: madereva wa malori wanaosubiri kuvuka Nakonde kwenda Lusaka na Lubumbashi, wachuuzi wa mazao, abiria wa treni ya TAZARA waliokwama. Gesti zimesomesha watoto wengi wa Tunduma. Mnamjua mama anayefanya kazi ile, kama si wako basi wa jirani. Mgeni akirudisha ufunguo tu, shuka zinavuliwa, godoro linageuzwa, sakafu inapigwa deki mpaka uvunguni, ndala zinasuguliwa na kupangwa mlangoni, kipande kipya cha sabuni kinawekwa. Anafanya hivyo kwa ajili ya mtu ambaye hajamwona na huenda hatamwona tena. Sasa wewe uliyelelewa kwa jasho hilo, atakayeingia chumbani mwako chuo kikifunguliwa ni kijana wa mwaka wa kwanza, pengine katoka Kamsamba au Itumba, hajawahi kulala mbali na wazazi wake. Umemwandalia nini? Kitanda kisicho na chaga?

Wapo wanaonijibu kwamba ile ni mali ya chuo, na kwamba fedha ya tahadhari walishalipa, basi chuo kijirekebishie. Ndugu zangu, hesabu hiyo si ya haki. Tahadhari haiwezi kununua godoro, kupaka ukuta na kumlipa fundi umeme kwa pamoja, na hata ingeweza, haikutolewa kama kibali cha kuharibu. Wala chuo hakina shamba linalozaa fedha. Mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yaliyozinduliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, yalijengwa kwa fedha za Serikali ili vijana waache kuhangaika na vyumba vya kupanga na daladala za alfajiri. Katika fedha za namna hiyo umo ushuru unaokusanywa pale pale mpakani petu, na kodi ya mwenye duka wa Vwawa anayefunga saa tatu usiku. Anayepiga misumari ukuta wa bweni anapigilia jasho la baba yake.

Mkirudi likizo, piteni Ndolezi mkakitazame tena kimondo chetu cha Mbozi. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 12, karibu chote chuma, na bado kwenye ncha yake mna mapengo yaliyochongwa na watu waliotaka kuondoka na kumbukumbu. Kila mmoja wao aliona kipande chake ni kidogo mno kudhuru kitu. Bweni ni dhaifu kuliko kimondo, na linapitiwa na watu wengi zaidi.

Msinielewe kwamba nawakataza kupamba. Chumba kitupu chenye taa moja kinamchosha mtu, na anayekipendezesha anasoma vizuri zaidi, hilo silibishi. Bibi zetu walisiriba kuta kwa udongo, wakaleta udongo mweupe na mwekundu wakachora pembeni mwa mlango, na nyumba ya tope ikapendeza kuliko nyingi za leo zenye vigae. Mapambo yao yaliulinda ukuta. Yetu yanauchubua. Kitambaa alichofuma mama kiwekeni mezani, mkeka utandikeni, kitenge cha Nakonde kifungeni kwa kamba kwenye nguzo za deka pasipo msumari, na picha zining'inizwe kwenye uzi. Pambo lolote mnaloweza kulivua kwa dakika tano bila kuacha alama, liwekeni kwa raha zenu.

Ila kuhusu pazia la kitenge nina neno, nanyi dada zangu mnisikilize zaidi maana ndio mnaolipenda. Najua linawapa faragha mahali pasipo na faragha. Lakini nimeona pazia limezunguka kitanda pande zote, ndani yake kuna ekstensheni yenye chaja nne, na pembeni hita ya maji imening'inizwa kwenye ndoo. Hapo moto hauko mbali. Katika shule ya wasichana ya Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40. Kyerwa, mkoani Kagera, Septemba 2020, watoto 10 walikufa kwa moto bwenini. Hao ni wetu sote. Hita zitoeni vyumbani, hata kama chai ya asubuhi itachelewa na baridi ya Mbeya ya Juni haina huruma. Kitenge kiwe cha kufunguka upande mmoja, na waya usipite ndani yake.

Kunguni nao tuwaseme wazi, aibu tuiweke pembeni. Hawaletwi na umaskini. Wanaletwa na begi, na wanakaa kwa sababu ya uzembe wetu. Wanajificha kwenye nyufa za chaga, kwenye mishono ya godoro, na nyuma ya hayo mabango mliyoyabandika ukutani. Kufunga chumba miezi miwili hakuwaui, kwani wanastahimili njaa muda mrefu. Godoro litolewe juani, chaga zimwagiwe maji yanayochemka, mabango yabanduliwe. Na mwenye kunguni aseme mapema, asiwaache wenzake wakidhani ni mbu.

Kuhusu kubebana, sina ukali. Anayemlaza mwenzake aliyekosa nafasi, wakalala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, ametenda utu, na utu huo ndio tuliofundishwa nyumbani. Ninachoomba ni wenzake wa chumba waulizwe kwanza, na huyo mgeni naye ashike ufagio.

Basi nawasihi. Kabla ya kufunga begi la mwisho, wakazi wa kila chumba chenye mwenzetu watenge Jumamosi moja: wafue mapazia, wapige deki, waoshe madirisha, wafute maandishi, warudishe chaga. Palipobanduka rangi, viongozi wa matawi ya umoja wetu wanunue ndoo ya rangi kutoka mfuko wa umoja na vijana wapake wenyewe. Brashi hazihitaji diploma. Kilichovunjika kiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano kwa ukweli, asisingiziwe aliyetangulia wala anayekuja. Waliokaa katika kile chumba nilichokitaja wanajijua, na sitawataja. Nawaomba warudi kabla chuo hakijafunguliwa, waanze na ile deka.

Ndimi ndugu yenu,
Mlezi wa Umoja