Uvivu Haumo Katika Kiswahili

Imani hii imeota mizizi Kenya, hasa kwa wenzetu wa bara: mtu wa pwani ni mvivu, na lugha yake ndiyo ushahidi. Mtu anayekusalimu weee mpaka uchoke, anayekutaka radhi kabla ya kukukosoa, aliyelelewa na "haraka haraka haina baraka", eti atafanya kazi saa ngapi? Wengine huipamba kwa usomi: lugha huumba fikra, Kiswahili ni laini, basi na wenyewe wamelegea.

Upuuzi mtupu, na umeachwa ukatamba mno.

Methali zetu zenyewe zinavutana. Aliyefunzwa kwamba haraka haina baraka amefunzwa pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hizi mbona hazitajwi? Waingereza nao wana methali ya kuwaonya wenye pupa, na sijasikia mtu akiwaita wavivu kwa ajili yake.

Njoo Liwatoni, Mombasa. Daraja la kuelea lililojengwa kutoka hapa hadi Ras Bofu, upande wa Likoni, lilianza kutumika mwanzoni mwa 2021 kwa sababu feri zilikuwa zimezidiwa, na corona haikutaka misongamano. Zimezidiwa na nani? Na watu wanaovuka alfajiri kuwahi bandarini, viwandani na majumbani mwa watu. Serikali gani hii inayowajengea daraja watu waliolala?

Au nenda soko la Marikiti umtazame hamali na mkokoteni wake wa viazi, shati limemganda mgongoni. "Maji moto! Maji moto!" Huyo hana salamu, nawe unaruka pembeni. Akishashusha mzigo ndipo anapokuuliza habari za nyumbani, za wazee, za watoto, moja baada ya moja. Mtu ni yule yule na Kiswahili ni kile kile. Mvuvi naye haendi na saa ya ofisi. Anahesabu bamvua na maji mafu, na maji yakimtaka saa tisa usiku, atatoka.

Sikatai kwamba lugha hubeba utamaduni. Adabu yetu imo ndani ya Kiswahili chetu, na mtoto huipokea pamoja na maneno. Lakini tangu lini adabu ikawa uzembe?

Ukosefu wa kazi unaoitwa uvivu una sababu zake, na zina tarehe. Treni ya mizigo ya reli ya kisasa, SGR, ilianza 2018, na makontena yakalazimishwa kupanda treni hadi bandari kavu ya Nairobi. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, mafundi wa gereji na akina mama wauza chakula wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini Mombasa. Agizo la kurudisha kazi hiyo bandarini Mombasa lilikuja Septemba 2022. Miaka yote hiyo, aliyeuliza mbona vijana wamejaa maskani alijibiwa kwa methali.

Wahariri wa Nairobi, mkitaka kuandika tena juu ya uvivu wa pwani, anzeni na hesabu ya makontena.