Kitufe kimebonyezwa. Nani anakuja?

Nimechoka na programu za "kuokoa wazee" ambazo sisi watu wa kompyuta tunaonyeshana hapa Kisumu. Mwezi uliopita nilitazama nyingine: nyanya anaanguka, anashika simu ya kugusa, anabonyeza duara jekundu, ramani inamfikia binti yake Nairobi. Makofi! Nikauliza, binti yuko zaidi ya kilomita 300, ramani ataifanyia nini? Nikajibiwa kwamba hilo litashughulikiwa katika toleo la pili.

Jamani, hilo ndilo toleo la kwanza.

Wamarekani walianza mambo haya zamani. Andrew Dibner, mwanasaikolojia, alianzisha Lifeline mwaka 1974. Kitufe kilikuwa sehemu ndogo tu. Nyuma yake kulikuwa na simu ya waya nyumbani, mtu wa kupokea saa yoyote, na orodha ya watu wa karibu wanaoweza kufika. Sisi tumenakili kitufe, watu tumewaacha.

Sasa twende Seme au Nyakach. Nyanya ana kabambe, ile mulika mwizi, na anaijua kwa vidole. Simu ya kugusa mliyomletea Krismasi iko kabatini, haina chaji. Salio ni sifuri, kwa hiyo hata kubipu hawezi. Nyumba haina namba wala mtaa. Ni "ukipita kanisa, boma lenye mwembe". Anayelijua boma hilo gizani ni jirani, si setilaiti.

Mimi ningefanya hivi. Chukua namba ya 0800, ambayo anayelipa ni mwenye huduma, basi inapita hata bila salio. Iweke kwenye tarakimu moja ya kabambe. Nyanya akiikandamiza kwa muda, simu inapiga. Seva inaitambua namba yake, inawapigia majirani watano mmoja mmoja, kwa Kidholuo, mpaka mmoja abonyeze 1: naenda. Asipopatikana mtu, inaanza upya. Binti apate ujumbe baadaye, na namba ya jirani aliyeitika, atume pesa ya bodaboda kwa M-Pesa.

Kuandika hayo si kazi kubwa. Kazi ni ile orodha. Lazima uende ukakae na majirani, ujue nani husafiri, nani hulala fofofo, nani huvua omena. Usiku usio na mbalamwezi mvuvi wa omena yuko ziwani na taa zake. Ukimweka wa kwanza kwenye orodha, umepoteza dakika ambazo nyanya hana.

Na ada ya kila mwezi je? Inua Jamii humpa mzee aliyeandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mnataka azikate wapi, kwenye unga?

Nina rasimu ya sehemu ya seva. Anayetaka kuisoma aniandikie, hasa kama anawajua majirani wa nyanya yake kwa majina.