Kenge na Chura: Tusiishie Kwenye Methali

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili hukamilisha bila kusita methali isemayo kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Ajua vilevile kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hivyo kenge amekuwa mfano wa mdanganyifu, naye chura mfano wa mnyonge mwenye makelele. Mimi ni mwalimu wa isimu na methali nazienzi. Hata hivyo, naona tumewahukumu viumbe hawa bila kuwatazama.

Hebu tuwatazame huko Kitui na Makueni. Kenge wa mto Athi aweza kupita mita 2 kwa urefu. Chura wa mtini, aishiye katika vichaka vya nyika hiyo kame, hafiki sentimita 10. Je, wafanana kwa lipi? Vyura wengi hupoteza maji mengi kwa mkojo. Huyu hutoa asidi ya yuriki, kama afanyavyo kenge, ili maji yabaki mwilini. Ngozi yake nayo huyazuia yasikauke.

Katika uzazi pia hawako mbali. Kenge jike hufukua kichuguu na kutaga mayai humo, kisha mchwa wenyewe huliziba tundu. Chura hutaga ndani ya povu alilolishikiza kwenye tawi lililo juu ya dimbwi la mvua, na viluwiluwi hudondokea majini. Mkubwa ategemea kichuguu, mdogo ategemea tawi. Wote wawili wangoja mvua.

Lakini matawi na kingo za mito vyaangamizwa. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga wa mito mwaka 2015; Kitui nayo ikapiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti mwaka 2018. Sheria hizo zitalindwa na nani, ikiwa kijana aliyezaliwa huko amjua chura kwa methali ya mtihani tu?

Nawasihi walimu wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa bayolojia. Mvua za Novemba zinaponyesha, wawapeleke wanafunzi madimbwini, wayahesabu mapovu mitini, wawaulize wazee majina ya viumbe hao kwa Kikamba, kisha waandike insha. Methali zibaki, ila mwanafunzi apewe nafasi ya kuzihoji kwa yale aliyoyaona kwa macho yake.