Mpiga picha wa harusi aanze na mkataba, kamera itafuata

Kijana wa Kisumu anayetaka kuingia katika kazi ya kupiga picha za harusi huuliza kwanza anunue kamera gani. Majibu atayapata kila upande: kwa wauzaji wa vifaa, kwa marafiki, kwenye video za YouTube zisizo na idadi. Naona swali hilo limetangulia zamu yake. Kinachomlaza njaa mpiga picha mgeni si lenzi duni. Ni makubaliano yaliyosemwa kwa mdomo mbele ya watu watatu, na kila mmoja akayasikia kivyake. Anayetaka kudumu katika kazi hii kandokando ya ziwa, kuanzia Kisumu mjini hadi Bondo, Kendu Bay na Mbita, aandae mkataba wake wa kurasa mbili kabla hajatoa hata shilingi ya kamera.

Tuanze na anayelipa. Harusi yetu ni nadra kulipiwa na mtu mmoja. Kuna kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, kuna mikutano ya kila wiki, kuna ahadi za michango ambazo nyingine hutimia kwa M-Pesa usiku wa kuamkia sherehe na nyingine hazitimii kabisa. Kuna pia shangazi aliyejitolea kulipia picha na mjomba anayeishi ng'ambo aliyesema video iachiwe yeye. Mwenye ukumbi hafungui mlango kabla ya kulipwa. Mpishi naye hawezi kununua mchele na ng'ombe kwa ahadi. Mpiga picha ndiye pekee ambaye sehemu kubwa ya kazi yake hukamilika baada ya wageni kuondoka, kwa hiyo fedha zikipungua, upungufu hutafuta mahali pa kutua na humkuta yeye. Jumatatu kamati imeshavunjwa, mwenyekiti amerudi kazini kwake, maharusi wanasema walidhani kamati imelipa, na kamati inasema iliacha salio kwa maharusi. Hapa sioni ubaya wa moyo wa mtu. Deni tu ndilo limekosa mwenyewe. Dawa yake ni jina moja na sahihi moja: mtu mzima anayejulikana, anayekubali kwa maandishi kwamba salio likibaki, atadaiwa yeye, kamati iwepo isiwepo. Malipo ya awali yawe makubwa kiasi cha kulipia usafiri, msaidizi na siku yenyewe, na salio liishe kabla ya picha kukabidhiwa.

Zamani jambo hili lilijitunza lenyewe. Wakati wa filamu, mkanda mmoja ulitoa picha 36, na negativu zilibaki kwenye droo ya studio. Aliyetaka nakala alirudi na kulipia nakala. Hata leo wapo wapiga picha wanaosimama kwenye mlango wa kanisa, wakapiga, wakasafisha picha papo hapo na kumuuzia mgeni mkononi, fedha kwa picha. Watu hao hawahitaji mkataba, maana biashara yao huanza na kuisha katika dakika chache. Anayepiga harusi nzima kwa kamera ya dijitali yuko katika biashara nyingine kabisa. Anauza miezi kabla ya siku yenyewe, anapiga maelfu ya picha, anakabidhi wiki kadhaa baadaye, na picha zikishatoka mkononi mwake zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Droo ya negativu haipo tena kumlinda, na karatasi ndiyo iliyobaki kufanya kazi hiyo.

Sheria nayo ina jambo ambalo wanaoanza wengi hawalijui. Wengi huamini kwamba aliyebonyeza kamera ndiye mwenye picha, basi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema vingine: kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba palipo kimya, maharusi waliokuagiza ndio wenye picha. Huna haki ya kuziuza kwa kampuni ya magauni, wala kuzitumia kwenye bango lako. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango wazi kwa makubaliano. Sentensi moja kwenye mkataba inaweza kukuachia hakimiliki na kuwapa maharusi ruhusa ya kuchapisha na kugawa picha watakavyo bila kikomo. Kwa anayeanza, hii ni hoja ya riziki, kwa kuwa picha za harusi ya kwanza ndizo humletea harusi ya pili, na bila haki ya kuzionyesha hana cha kuonyesha.

Hata ukiwa na hakimiliki, wale walio ndani ya picha wana haki zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake binafsi. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data inayoongozwa na Immaculate Kassait ilitangaza faini zilizoshtua wengi: klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule ya Roma ya Uthiru ikatozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mpiga picha wa Nyalenda anaweza kusema hayo ni ya wakubwa wa Nairobi. Ni kweli kwamba biashara ndogo kwa kawaida husamehewa kujisajili kwa Kamishna. Haisamehewi kutii sheria. Na harusi zetu zimejaa watoto: wasichana wa maua, wavulana wa pete, wajukuu wanaolala juu ya viti saa tatu usiku. Kipengele cha matumizi ya picha mitandaoni kiseme wazi zipi zitawekwa, kwamba za watoto haziwekwi bila mzazi kukubali, na kwamba maharusi watawaarifu wageni wao mapema. Droni nayo itajwe, kwa sababu anayeirusha anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na uwanja wa ndege wa Kisumu uko ufuoni, karibu na bustani zilezile ambazo maharusi hupenda kupigiwa picha.

Halafu kuna saa. Nadhani hiki ndicho kipengele ambacho mwandishi wa mikataba kutoka mji mwingine hawezi kukuandikia, kwa kuwa kinategemea ziwa lenyewe. Kila mtu anataka picha ya machweo Dunga au Hippo Point, maji yakiwa ya dhahabu nyuma ya gauni jeupe. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni, mwezi Novemba, na saa moja kasoro kidogo, mwezi Februari, na likishatua giza haliombi ruhusa. Ibada iliyopangwa kuanza saa nne asubuhi ikaanza saa saba, hotuba za wazee zikafuata, chakula kikachelewa, na mvua ya alasiri ikaingia kutoka ziwani, machweo hayo yamekwenda. Nani alaumiwe? Mkataba usioandika saa humlaumu mpiga picha. Mkataba unaosema atafika saa fulani, ataondoka saa fulani, picha za ufuoni zitapigwa iwapo maharusi watafika kabla ya saa kumi na moja na nusu, na kila saa ya ziada ina bei yake, huwafanya hata wenyeviti wa kamati kutazama saa zao. Nimewasikia watu wakisema huo ni ugumu wa roho, na siafikiani nao. Maharusi wenyewe ndio hupoteza picha waliyoiota mwaka mzima, na saa iliyoandikwa ndiyo huiokoa.

Umbali nao huandikwa. Harusi ya Rusinga kwa anayetoka Kisumu inaweza kumaanisha kushuka Luanda Kotieno, kungoja feri ya kwenda Mbita, kulala huko na kurudi kesho yake. Ayie inayofanyika Alego au Karachuonyo, pale upande wa kijana unapofika kwa wakwe kuomba ridhaa na mama wa binti kupewa haki yake, si siku ya kanisani, wala hailipiwi na siku ya kanisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano, za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na familia moja inaweza kupitia mbili au tatu. Upande wa kusini mwa ghuba, ambako Waadventista wamekuwapo tangu walipofungua misheni ya Gendia mwaka 1906, Jumamosi ni Sabato na harusi hupangwa siku nyingine. Kwa mpiga picha huo ni mwanya mzuri wa kufanya kazi Jumamosi mjini na Jumapili Kendu Bay, mradi mkataba wa Jumamosi una saa ya kufungia. Harusi ya Kihindu ya mjini inaweza kuchukua siku kadhaa. Nikahi inaweza kuwa na ukumbi wa wanawake ambao mwanamume haingii, na hapo msichana mwenye kamera ana soko ambalo wavulana hawawezi kumpokonya. Haya yote ni maswali ya kuuliza na kuandika siku ya kwanza ya mazungumzo.

Pingamizi zipo, na nzito kuliko zote ni kwamba sisi ni watu wa kuaminiana, na kumtolea mama wa bibi harusi karatasi ya kutia sahihi ni kumwambia humwamini. Lakini jamii zetu hazijawahi kufunga ndoa kwa kuaminiana kimya. Mahari hujadiliwa mbele ya mashahidi, hutajwa ng'ombe kwa ng'ombe, kila upande huleta wazee wa kukumbuka kilichosemwa, na tangu mwaka 2017 hata ndoa ya kimila husajiliwa serikalini. Mkataba wa mpiga picha ni shahidi wa aina hiyohiyo. Mpe mama nakala, msomee kwa Dholuo au Kiswahili, mwachie siku mbili aionyeshe kwa wanawe. Anayekataa kutia sahihi baada ya hapo amekuonyesha mapema shida ambayo ungeijua kwa gharama kubwa.

Wengine watasema mteja akiona karatasi atamwendea jirani anayepiga kwa nusu ya bei bila masharti. Baadhi wataenda, sikatai. Yule mteja anayeenda kwa sababu hataki tarehe wala malipo ya awali kuandikwa ndiye hasa ambaye asiye na akiba hawezi kummudu. Mpiga picha mzoefu anaweza kumeza hasara ya harusi moja. Anayeanza akidhulumiwa mara mbili mfululizo amefunga. Na endapo mambo yataharibika, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufika Kisumu pia, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na inayomruhusu mtu kujitetea bila wakili. Makubaliano ya mdomo yanaweza kudaiwa huko, ila jaribu kuyathibitisha wakati shangazi, mwenyekiti na bwana harusi kila mmoja ana kumbukumbu yake.

Pingamizi la tatu nalikubali nusu: bila picha nzuri hakuna mteja wa kutia sahihi. Ndiyo, lakini uzuri wa picha hautokani na bei ya kamera kwa kiasi tunachoaminishwa. Kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mweke bibi harusi mweusi katika gauni jeupe kando ya bwana mwenye suti nyeusi, saa saba mchana jua likiwa utosini, na kamera ya laki tatu itakosea sawasawa na ya elfu sitini kama mpigaji hajui kurekebisha. Kujua huko hupatikana kwa mazoezi, kwa kumfuata mzoefu kama msaidizi msimu mzima, na kwa kukodi vifaa. Nitakachosisitiza kwenye vifaa ni kimoja: picha zihifadhiwe mahali pawili tangu zinapopigwa, iwe kwa kamera yenye nafasi mbili za kadi au kwa kamera mbili kazini, kwa sababu hakuna mkataba unaoweza kurudisha kiapo kilichopotea kwenye kadi iliyoharibika.

Ningependa kuona wapiga picha wazoefu wa Kisumu, ambao wengi wao wameyajua haya kwa maumivu, wakikaa pamoja na wakili mmoja na kuandika mfano wa mkataba kwa Kiswahili na Dholuo, kisha wauachie kila anayeanza bila malipo. Wanaoogopa kuwasaidia washindani wao wakumbuke kwamba bei ya soko zima hushushwa na yule asiyejua gharama zake. Ada ya wakili wakigawana watu kumi haifiki bei ya lenzi ya mtumba. Wakianza mwezi wa Juni wataumaliza kabla ya kamati za harusi za Desemba kuanza kuuliza bei.