Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ulimi twaweza kuufunga na mikono twaweza kuizuia, lakini jicho hutazama kabla moyo haujaamua. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya miwani ya kompyuta, ile inayofunika nusu ya uso na kumwonyesha mvaaji dunia ya kubuni.

Baadhi ya miwani hiyo, kama Vision Pro ya Apple iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, ina kamera ndogo kwa ndani. Humulika macho kwa mwanga usioonekana na kufuata mboni, zimetua wapi na kwa muda gani. Kazi yenyewe si mbaya, kwani mtu huchagua kitu kwa kukitazama, kisha akabana vidole viwili. Lakini hebu fikiri, mama. Limepita tangazo la dawa ya ugonjwa ambao hujamwambia hata mumeo. Hukusema neno, hukugusa kitu. Jicho limekwisha kusema.

Apple inasema programu haziambiwi mtu anatazama wapi, ila kile alichokichagua tu. Hata hivyo, mwaka huohuo wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Florida, walionyesha mwanya. Mvaaji akiongea na mtu kwa video, miwani humchorea sura inayofanana naye, na macho ya sura hiyo husogea kama yake. Kwa kuyatazama hayo tu, waliweza kukisia herufi alizokuwa akiandika kwa macho, hata neno la siri! Kampuni iliuziba mwanya huo Julai 2024. Siku hizi sura hiyo husimamishwa mtu anapoandika.

Basi mjomba akileta miwani ya namna hii kutoka ng'ambo, msimwachie mtoto aifungue peke yake. Apple wenyewe wamesema yao si ya walio chini ya miaka 13. Quest Pro ya Meta, ya mwaka 2022, ilikuja kazi ya kufuata macho ikiwa imezimwa mpaka mwenyewe akubali. Tatizo ni kwamba wengi hubonyeza "kubali" bila kusoma, nasi tukiwamo. Someni kwanza, na pasipo na haja, acheni imezimwa. Na neno la siri la benki liandikeni kwa vidole, kwenye simu yenu.