INTANETI YA NYUMBANI: PIMA KWANZA KATIKA LUPANGO LAKO



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja. Anakaa kijijini, kilometa chache nje ya barabara kubwa inayotoka Likasi kwenda Fungurume. Bwana wake anafanya kazi ya mgodi, anakaa kambini majuma mengi. Mtoto wao wa kwanza anasoma Lubumbashi, na wadogo wawili wanajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Mwezi ujao ni zamu ya mama kupokea likelemba. Sasa kijana mmoja muuzaji amekuja kwake na kisanduku cha intaneti, anasema: «Mama, hii rezo inakamata hata mu shimo!» Mama anauliza: ninunue, ao niweke makuta haya kwa minervali ya watoto?

Mama, usimpe huyo kijana hata faranga moja mbele hujapima. Nitaeleza sababu.

Watu wengi wanafikiri kwamba rezo inakaa ndani ya kisanduku. Hapana. Kisanduku ni sikio na mdomo tu. Kinasikia mnara wa kampuni ya simu, kinaujibu, kisha kinagawanya ndani ya nyumba kile ilichopokea. Kama mnara hausikiki mahali pako, kisanduku cha bei kali kitanyamaza sawasawa na simu yako. Kile kinachofanya kazi vizuri kwa shemeji yako Kolwezi hakishuhudii kitu juu ya lupango lako.

Na sisi watu wa migodi tuna shida yetu ya pekee. Mawimbi ya redio yanapenda njia iliyo wazi, lakini kwetu kuna ile milima ya udongo na mawe ambayo mitambo inatoa shimoni na kumwaga pembeni. Mlima wa Mungu unakaa mahali pake. Huu wa kampuni unakua. Kuna nyumba zilizoona taa nyekundu ya mnara toka mlangoni, na leo zinaona remblai tu. Ongeza mabati juu ya nyumba, maana chuma kinarudisha mawimbi nyuma. Ongeza miti yenye majani yaliyolowa wakati wa mvua. Basi simu inasema vizuri nje, ukiingia chumbani sauti inakatika.

Namna ya kupima ni hii. Azima kwa majirani kadi za SIM za Vodacom, Airtel na Orange. Ziweke moja moja katika simu yenye 4G. Usitazame vile vijiti vinne vya juu, vinadanganya. Katika simu nyingi za Android, fungua mipangilio, tafuta habari za simu, kisha hali ya SIM. Utaona nguvu ya rezo imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake, na herufi dBm. Hapa hesabu imegeuka: 85 ni nzuri kuliko 105. Ukipata −85 ao karibu yake, una rezo nzuri. Ukipata −100, itafanya kazi kwa kuchechemea. Ukipita −110, usinunue kisanduku cha kuweka mezani.

Pima ndani ya nyumba, pima mlangoni, kisha panda juu ya kichuguu. Sicheki. Vichuguu vya Katanga vingine vinapita urefu wa nyumba, na mara nyingi pale juu namba inaongezeka sana. Ikiwa juu ni −88 na ndani ni −108, shida yako si mnara, ni ukuta na bati. Dawa yake ni antene ya nje juu ya mti mrefu, na waya mfupi wa kushuka ndani. Lakini uliza kwanza kama kisanduku kina matundu ya kuingiza waya wa antene, maana vingine havina. Na mti huo uwe na waya wa chuma unaoshuka mpaka ndani ya udongo, mbali na kitanda cha watoto, kwa sababu radi ya kwetu tunaijua.

Tena, usipime asubuhi tu. Rudia jioni, wakati zamu imetoka kazini na kila mtu yuko na simu mkononi. Mnara mmoja unagawanya nguvu yake kwa watu wote wanaouita. Namba inaweza kubaki nzuri, na bado video isifunguke. Ile intaneti ya saa mbili za usiku ndiyo utakayoishi nayo.

Neno lingine linalovuruga watu ni «mega». Muuzaji anasema mega kwa mambo mawili. Mega ya mbio ni upana wa mpira wa maji. Mega ya forfe ni maji yenyewe, bidoni ngapi umelipa. Unaweza kuwa na mpira mpana na bidoni moja tu: itajaa upesi, itakwisha upesi. Kusema kwa sauti kupitia WhatsApp kunakula kiasi cha mega moja kwa dakika, ao chini ya hapo. Lakini video ya picha safi sana inaweza kula mega 3.000 kwa saa moja. Kurasa za masomo na barua ni kidogo sana karibu na hizo. Sasa mnaelewa kwa nini forfe ya mwezi inakwisha siku ya tatu, na baba akirudi toka kambini anauliza nani amekula.

Kuna wengine watasema: acha minara, nunua sahani ya Starlink. Kweli, ni kitu kikubwa. Satelaiti za zamani, zile za sahani kubwa, zinakaa mbali, karibu kilometa 36.000 juu; ukisema neno, jibu linachelewa zaidi ya nusu sekunde. Hizi mpya zinazunguka kiasi cha kilometa 550 tu, kwa hiyo mazungumzo yanakwenda bila kungojeana, na hazijali remblai kama mnara unavyojali. Zinataka mbingu iliyo wazi tu. Mwembe wa lupangoni utazikata kila mara, na kwa maoni yangu ni heri kusogeza sahani kuliko kukata mwembe.

Lakini hapa mfungue macho. Mwaka 2024 mamlaka ya Serikali inayosimamia mawasiliano, ARPTC, ilitangaza kwamba Starlink haina ruhusa katika Kongo. Ruhusa ilitolewa mwezi wa 5, 2025. Kwa hiyo ziko sahani ambazo zilivuka mpaka mbele ya ruhusa, zikiwa zimeandikishwa katika inchi nyingine kwa jina la mtu mwingine. Mtu akikuuzishia sahani iliyokwisha kutumika, uliza akaunti yake ni ya nani na ya inchi gani, na kama ataihamisha kwa jina lako mbele ya macho yako. Akianza kuzungukazunguka, funga mkoba.

Kisha umeme. Nguzo kubwa zinazoleta umeme wa Inga zilifika Kolwezi tangu miaka ya 1980, zikapita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata taa moja. Basi wengi wetu tunatumia jua. Kisanduku kidogo cha 4G kinakula kama wati 10. Pano moja ya jua na batri ya kadiri vinakibeba mchana na usiku. Sahani ya kawaida ya Starlink inaweza kula wati 75. Saa 5 za jioni ni wati-saa 375. Batri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inashika kama 1.200, lakini haifai kuishusha chini ya nusu, itakufa upesi. Kwa hiyo sahani moja inakula zaidi ya nusu ya kile batri inaweza kutoa, mbele hamjawasha taa ya kusomea. Muuzaji hakukuambia habari ya batri. Bwana Yesu katika Luka 14:28 alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Mnara wake ulikuwa wa mawe, lakini hesabu ni ileile.

Sasa mama, jibu langu. Minervali itangulie. Kama juu ya kichuguu, ao mlangoni, unapata namba nzuri, chukua ile simu ya zamani yenye 4G, iweke mahali pale penye nguvu, na watoto wapate rezo toka kwake kwa Wi-Fi. Hutumii pesa nyingine zaidi ya forfe. Fanya hivyo mwezi mzima. Andika katika daftari kila forfe uliyonunua, na nani alitumia kwa kazi gani. Mwezi ukiisha, utajua kama nyumba yako inahitaji kisanduku, ao inahitaji kanuni juu ya video tu. Ukikubali kununua, mwambie yule kijana akiache kisanduku kwako siku mbili mbele ya kulipa. Kama kinakamata hata mu shimo, hataogopa.

Kama namba ni mbaya kila mahali, hata juu ya kichuguu, usibebe mzigo wa sahani peke yako. Zungumza na direktere wa shule na wazee wa kanisa. Sahani moja kwa shule, pamoja na pano zake, wanafunzi wakija saa zilizopangwa, hiyo ni kazi ambayo jamaa kumi zinaweza kuchangia. Someni mkataba kwanza: kutumia pamoja shuleni si sawa na kuuzishia kijiji kizima, na kampuni inaweza kukata.

Vijana, hii kazi ya kupima ni yenu. Mna macho mazuri na mnapanda vichuguu upesi. Fanyeni karatasi ya kijiji: mahali, kampuni, namba ya asubuhi, namba ya jioni. Ibandikeni kwa mlango wa kanisa, na mtutumie nakala. Tutachapa zile zitakazofika mbele ya tarehe 15.