Anayemshtaki Polisi Alindwe

Mwizi akivunja mlango wako usiku wa leo, utakimbilia kituo cha polisi. Je, aliyekuumiza akiwa ni askari wa kituo hichohicho, utamkimbilia nani? Kenya imelijibu swali hili kwa sheria. Bado haijalijibu kwa vitendo.

Sheria zenyewe zilizaliwa na msiba. Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilikuta kwamba kati ya watu 1,133 waliokufa, 405 waliuawa kwa risasi, na lawama kubwa ikawaangukia polisi. Ndipo Katiba ya 2010 ikawataka polisi waheshimu haki za binadamu na wajenge uhusiano mwema na wananchi. Mwaka uliofuata ikaundwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, kwa maana wahenga walikwisha kutuonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani.

Lakini tazama yaliyompata raia aliyeitumia sheria hiyo. Mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi na askari, akapeleka malalamiko IPOA. Badala ya kupata haki, alibambikiwa kesi. Juni 2016, yeye na wakili wake, Willie Kimani, walitoka mahakamani Mavoko wakiwa na dereva wa teksi. Wote watatu walitekwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Humo wakili aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni, akaomba mkewe apigiwe simu, akautupa nje kupitia upenyo. Siku chache baadaye miili yao iliopolewa mtoni, eneo la Ol Donyo Sabuk. Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na mpasha habari wao Julai 2022, miaka sita baada ya mauaji.

Tusijipongeze kwa hukumu hiyo peke yake. Haki iliyowafikia wajane ilipaswa kumfikia mlalamikaji angali hai. Alikuwa ameshitaki mahali panapostahili, na kushitaki huko ndiko kulikomponza. Ninashikilia basi kwamba mageuzi ya polisi yapimwe kwa jambo moja: je, raia aweza kumshitaki askari kisha akalala salama nyumbani kwake?

Ili aweze, mambo matatu yatendeke. Kwanza, askari anayechunguzwa kwa kumwua au kumjeruhi mtu aondolewe kazini hadi uchunguzi ukamilike, asibaki na bunduki katika mtaa anamoishi anayemshitaki. Pili, kila anayekamatwa jina lake liandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, mara tu anapofikishwa kituoni, na jamaa zake waelezwe aliko. Mtu asiyeandikwa ni rahisi kupotezwa. Tatu, kifo cha mahabusu kisielezwe na wale waliokuwa wakimlinda. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Kwanza tuliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo yasiyokubaliana na maelezo hayo. Sheria ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vya namna hii ilipitishwa mwaka 2017. Itekelezwe kikamilifu.

Wako watakaosema kwamba tunawavunja moyo askari. La. Askari mwema ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu damu iliyomwagwa na mwenzake humpaka na yeye, na raia anayemwogopa hampi habari za wahalifu. Naye pia ana haki zake. Jopo la mageuzi ya polisi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilipendekeza mishahara na makazi bora kwa polisi, na hayo wanastahili. Anayelala na familia yake katika chumba kilichogawanywa kwa pazia hawezi kudaiwa utu ambao yeye mwenyewe amenyimwa.

Nanyi wananchi, msinyamaze. Ukiona jirani amechukuliwa, uliza kituo gani, uliza namba ya OB, andika. Wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji, fuataneni na mlalamikaji hadi ofisini, asiende peke yake. Wabunge, ipeni IPOA fedha za kutosha za kufanyia uchunguzi. Na wewe mkuu wa kituo, mtu akija leo kumshitaki askari wako, mpe kiti, andika maneno yake, uhakikishe amefika kwake salama.